Ingekuwa dhahabu, ungeikuta?

Leo siku ya sita na bado namsikia Shangazi. Yule wa Ng'ambo, Tabora, mwenye kuku wanaolala jikoni. Jumamosi nilikwenda kumsalimia, na kusema kweli nilifuata ile sarafu.

Wa siku nyingi mnaikumbuka: dhahabu ya Mjerumani. Babu yake Shangazi alibebeshwa mizigo ya jeshi vitani, akarudi na sarafu hiyo na bega la kulia lililoshuka kuliko la kushoto. Ukoo mzima tumekua tukijua kuna dhahabu kwenye pindo la kanga. Ada ikikwama, baba alikuwa akitania: "Tukauze dhahabu." Hakuna aliyethubutu.

Safari hii akanifungulia pindo. Nikaisogeza dirishani. Taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, koloni la Mjerumani huku kwetu), mwaka 1916. Upande wa pili 20 Heller, yaani senti za rupia ya Mjerumani, na T ndogo. T ya Tabora. Habari zake nilishazisoma: Waingereza waliziba bahari, pesa kutoka Ujerumani zikakatika, Wajerumani wakaanza kuzigonga wenyewe huku Tabora, mpaka Wabelgiji walipouteka mji Septemba mwaka huohuo. Za dhahabu waligonga pia, rupia 15, zina tembo. Yetu haina tembo. Shaba tupu, tena ina tundu, maana ilikuwa ikivalishwa watoto kiunoni.

Na mimi sijui kunyamaza. "Shangazi, hii si dhahabu. Ni shaba."

Hakuinua macho, alikuwa anachambua mchele. "Mwanangu, ingekuwa dhahabu, ungeikuta?"

Akanyoosha mkono. Nikamrudishia. Akaifunga mafundo mawili. Siku zote lilikuwa moja.

Wiki hii mdogo wangu kajifungua binti, wote wazima, na barua yangu ya uhamisho imetoka, lakini mimi niko kwenye daladala, niko kazini, naosha vyombo: ungeikuta? Alinicheka? Au ndiyo nilinyimwa hivyo? Maana nilitegemea atanipa mimi, haya, nimesema. Ni mimi niliyekaa miguuni pake kuuliza habari za babu wakati binamu zangu wako nje wanacheza kombolela.

Jana usiku nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Alikuwa anajua! Nadhani wote walijua. Heller 100 ndiyo ilikuwa rupia moja, kwa hiyo mzee alitoka vitani na bega bovu na moja ya tano ya rupia. Hata hii hela tunayokopana kila tarehe 20 jina lake limetoka humo humo. Dhahabu ingeliwa njaa ya kwanza. Shaba nani ataiuza? Labda waliiita dhahabu ili sisi watoto tusiichezee bao.

Asubuhi nikampigia. Shikamoo, marahaba, kuku hawajambo. Sarafu hakuitaja, nami safari hii nikauma ulimi. Alipotaka kukata simu akauliza, "Huyo mtoto wameshamvalisha kitu kiunoni?"

"Bado, Shangazi."

"Haya."

Haya tu! Nikabaki nimeshika simu, sijui nifurahi au ninune.

Halafu friji limeanza tena ule mngurumo wake, linanguruma, linazima, linanguruma, na samaki wa mama wote wamo humo, na fundi wa mara ya mwisho hapokei simu.