Nilivyotoa mikono kwenye kibodi

Harusi ya binti wa shangazi ilikuwa Pangani, mwaka 2021. Bibi harusi hajatolewa ndani, simu yangu imeshaita mara 11. Ofisini Tanga seva, ile kompyuta kuu inayotunza nyaraka za mizigo, ilikuwa imezima, imewashwa, na sasa inadai nywila ya msimamizi. Nywila hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu, mimi. Kuitaja kwenye simu sikuthubutu, kwa sababu hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya rauta, kifaa kinachogawa intaneti, na ya mfumo wa uhasibu. Nikaaga shangazi akiwa amekasirika, nikapanda bodaboda, kilomita zipatazo 50 za vumbi. Nikaingia ofisini na dera la shughuli, nikabonyeza herufi 12, seva ikafunguka. Wenzangu wakanipigia makofi.

Nilifurahia makofi yale. Miaka mingi niliamini kwamba kuhitajika namna hiyo ndiko kukua kikazi.

Kampuni yetu inagomboa mizigo. Ina ofisi Tanga karibu na bandari, nyingine Horohoro mpakani, na makao makuu Dar es Salaam. Niliingia kama fundi wa kompyuta, nikawa msimamizi wa mtandao wa Tanga, nikasomea vyeti usiku kwa pesa yangu. Miezi mitano baada ya harusi ile ikatangazwa nafasi ya mkuu wa TEHAMA wa ofisi zote. Nikaomba. Wakachukua mtu kutoka nje. Bosi aliniita, akaniambia kwa upole, "Dada, tukikutoa wewe, Tanga inasimama." Yeye alidhani ananisifu.

Siku hiyo sikurudi kwenye meza yangu. Nilikwenda kukaa na mzee wetu wa uhasibu, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniacha nimalize kulalamika, halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilipandishwa mwaka niliomfundisha kijana kufunga hesabu za mwezi. Kabla ya hapo wakubwa walikuwa wanaogopa hata nikipata homa."

Nililala na maneno hayo. Asubuhi nikanunua daftari la kaunta, kwenye jalada nikaandika: Mambo ninayoyajua peke yangu. Ndani ya wiki tatu nilijaza kurasa 46. Swichi ipi ya mtandao inalisha kompyuta za chumba kipi. Kwa nini printa ya ghorofani inagoma ukibadilisha anwani yake ya mtandao. Nani wa kumpigia intaneti ikikatika usiku. Nilipoyaona yote kwa maandishi niliogopa, maana ofisi nzima ilikuwa inategemea afya ya mtu mmoja.

Nywila nilizibadilisha zote, kila mfumo na yake, nikaziweka kwenye programu ya kutunzia nywila inayofunguliwa na watu wawili, mimi na kijana niliyekuwa naye kitengoni. Nakala ya dharura ikafungwa kwenye bahasha ndani ya sefu ya uhasibu. Hilo lilikuwa jepesi, kazi ya siku mbili.

Kugumu kulikuwa kwa kijana mwenyewe. Miaka miwili alikuwa chini yangu, na miaka yote miwili nilimtuma kubadilisha wino wa printa. Kila akikaa mbele ya tatizo la maana, baada ya dakika tano namwambia sogea, namaliza mimi. Siku moja nilimfokea mbele ya wateja kwa kuchomoa kebo isiyo yake. Nilipomwomba anisaidie kuandika lile daftari, alinijibu, "Dada, mimi sijui kitu, wewe mwenyewe huwa unasema." Nilimwomba radhi palepale, na baadaye nikaomba tena mbele ya wale waliokuwepo siku ile, kwa sababu nilimvunjia heshima hadharani.

Tukakubaliana Jumatano saa kumi jioni, wateja wakishaondoka, iwe zamu yake ya kushika kibodi. Jumatano ya kwanza nilimpa kazi niliyokuwa naihofia kuliko zote: kurudisha kanzidata, yaani kumbukumbu zote za mizigo, kutoka kwenye bakapu, ile nakala ya akiba, kwenye kompyuta ya pembeni, kana kwamba seva imeungua. Bakapu tulikuwa tunachukua kila usiku. Kuirudisha hatukuwahi kujaribu hata mara moja.

Nilikaa nyuma yake, viganja nimevikalia. Alisoma hatua niliyoiandika, akaandika amri, ikakataa. Mimi kosa nimeliona: njia ya faili ilikuwa na nafasi tupu katikati ya jina, nayo hakuizungushia alama za kunukuu. Ni sekunde mbili tu kwangu. Yeye alichukua dakika 19. Alisoma ujumbe wa kosa kwa sauti, akafungua folda, akalitazama jina, akakuna kichwa, akajaribu tena, ikakataa tena. Mara akasema polepole, "Hapa pana nafasi." Akaweka alama, mstari ukaanza kutembea. Tulipofungua kanzidata tukakuta mizigo inaishia Ijumaa. Bakapu za Jumamosi hadi Jumanne zilikuwa faili tupu, diski ilishajaa na hakuna aliyejua. Hata mimi, niliyejiona najua yote.

Bila mikono ya kijana yule nisingeligundua mpaka siku ya msiba. Tangu hapo tunafuata kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu za data, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na jengo. Hiyo ya mbali hupelekwa Horohoro kila Ijumaa na gari la nyaraka. Na kila tatizo likiisha tunaandika ukurasa mmoja: kilitokea nini, saa ngapi, nini kilituchelewesha, tubadilishe nini. Jina la aliyekosea haliandikwi. Nililishikilia hili hata meneja mmoja aliponibana nimtaje mtu, kwa sababu nilishaona mtu akiogopa kutajwa huficha, na kilichofichwa hurudi kikiwa kikubwa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki ikadorora, yetu ikiwemo. Jumatatu mizigo ilikuwa inasubiri. Bandari ya Tanga ilikuwa imeshachimbwa kina, meli zinafunga gatini badala ya kushusha kwa matishari kule mbali majini, kwa hiyo kazi yetu haikuwa ndogo tena. Nami nilikuwa hospitali ya Bombo, mama amelazwa. Nilipiga simu saa mbili asubuhi. Kijana akanijibu, "Dada, kaa na mama." Alikuwa ameshasimamisha masasisho ya kompyuta zote, amezuia video, ameipa njia kwanza mifumo ya forodha na barua pepe. Mambo yalikwenda polepole, lakini yalikwenda. Nilikaa na mama.

Mwaka uliofuata nafasi ile ya mkuu wa TEHAMA ilitangazwa tena, nikaipata. Wala sikuulizwa habari za vyeti. Waliniuliza Tanga atabaki nani, nikataja jina, wakalijua.

Kwenye kiti hiki nimejifunza lugha nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ya Microsoft kusitisha msaada wa Windows 10, ilipokaribia, nilikuwa na kompyuta 34 za kubadilisha. Ningekwenda kwa wakubwa na habari za viraka vya usalama, masasisho ya kuziba mianya ya wadukuzi, wangenisikiliza kwa adabu tu. Nilichukua ankara zetu wenyewe, nikaonyesha mteja analipa kiasi gani kontena likilala bandarini siku moja zaidi ya siku za bure, nikauliza: virusi vikituzimia ofisi siku tatu, makontena mangapi yatalala? Bajeti ikapita kwa awamu mbili.

Mikono bado inaniwasha. Wiki iliyopita binti aliyeanza kazi Tanga alikuwa anafunga kebo ya mtandao. Alipanga nyaya nane kwenye kichwa cha kebo, akaweka kijani kando ya kijani-nyeupe, kama macho yanavyotaka, kumbe kwa mpangilio tunaoutumia kijani nafasi yake ni ya sita. Nilinyamaza. Akabana na koleo, akachomeka kwenye kipimo, taa za upande wa pili zikaenda moja, mbili, tatu, halafu ikarukwa ya nne. Alinitazama. Kijana wangu wa zamani, ambaye sasa ndiye mkuu wake, alikuwa amesimama karibu, mikono mfukoni. Binti akakata kichwa, akaanika nyaya upya juu ya kidole gumba, akaanza kuzihesabu kwa sauti.