Likizo ni ya kupumzika, ila pepa ya hisabati isitupwe

Kila Desemba shule zikifungwa, wazazi wa mtaani kwetu hapa Tanga hugawanyika. Wapo wanaompeleka mtoto twisheni kesho yake asubuhi, na wapo wanaopandisha begi juu ya kabati mpaka Januari. Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi, na wote wawili nawaomba wanisikilize. Mtoto alale, acheze, aende kwa bibi yake. Lakini siku nyingi za likizo ashike penseli kwa dakika kumi na tano au ishirini, afanye hesabu chache, kisha daftari lifungwe.

Nasisitiza hisabati kwa sababu ni somo linalodai deni la jana. Aliyesahau kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote mlizopewa) atakwama kwenye kujumlisha sehemu. Aliyekwama kwenye sehemu, asilimia zitamsumbua, na nyuma ya asilimia kuna faida, hasara na riba. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kurudi nyuma wiki tatu kila Januari ili kumsubiri kila mmoja.

Na kusahau kuna mwendo wake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, halafu upotevu hupungua kasi. Aliona pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa kuachanisha siku kunafaa kuliko kurundika marudio yote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaongoja wiki ya mwisho ya likizo wamkalishe mtoto tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Mahali pazuri pa kuanzia ni pepa aliyorudi nayo. Nasikitika sana jinsi tunavyoitendea ile karatasi. Tunaangalia alama, tunauliza "umekuwa wa ngapi?", tukishajibiwa inaishia kufungia karanga. Kumbe pale pana ramani ya kila alichokosa, imechorwa kwa mkono wake mwenyewe.

Binti wa kaka yangu, anayeingia darasa la sita, alikuja kwangu na pepa yake. Swali moja lilikuwa 3/4 + 2/5. Alijibu 5/9, maana alijumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, yaani namba za juu peke yake na za chini peke yake. Sikumwonyesha kanuni. Nilimuuliza, "Robo tatu ya kilo ya sukari na nusu kilo, ipi nyingi?"

"Robo tatu, shangazi."

"Na hii 5/9 yako ni kubwa au ndogo?"

Akahesabu kwa vidole: nusu ya tisa ni nne na nusu, kwa hiyo tano ya tisa imepita nusu kidogo tu. Akanyamaza. "Shangazi, nimeanza na robo tatu, nikaongeza, ikapungua?" Alichukua kifutio bila kuambiwa. KDS ya 4 na 5 ni 20. 15/20 ukijumlisha na 8/20 unapata 23/20, yaani moja nzima na 3/20. Swali hilo moja lilituchukua robo saa, nami sikuona haja ya kuongeza la pili. Amejifunza kulitilia shaka jibu lake mwenyewe, na hilo kwangu lina thamani kuliko maswali thelathini yaliyonakiliwa kutoka ubaoni.

Pepa ikiisha kusahihishwa, changanya. Siku moja mpe tebo ya saba, sehemu moja na fumbo moja. Siku nyingine swali la MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) na eneo la mstatili. Ukimpa maswali kumi ya kuzidisha mfululizo, baada ya la pili hafikirii tena, anajua ni kuzidisha. Yakichanganywa inambidi aamue mwenyewe atumie njia gani, na mtihani humdai uamuzi huohuo.

Nyingine si lazima ziandikwe. Mtume dukani robo tatu ya kilo ya mchele, akutajie chenji kabla hajatoka nyumbani. Na kama babu anacheza bao, mwache mtoto akae pembeni, kisha afundishwe. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji hodari anajua kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaziinua. Hesabu ya kichwa ile, na hakuna mtoto aliyewahi kuilalamikia.

Twisheni ya kutwa nzima siipendi. Wenzetu Kenya walipiga marufuku twisheni ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na naelewa kwa nini. Mtoto aliyechoka huja Januari akilichukia somo, na chuki hiyo kuiondoa ni kazi ngumu kuliko kumfundisha sehemu. Sikukuu ziachwe kabisa. Siku akiwa na homa, au wageni wamejaa nyumbani, ziachwe pia.

Akina mama wengi huniambia, "Mwalimu, mimi mwenyewe hisabati ilinishinda, nitamsaidiaje?" Huhitaji kujua jibu, mama. Kaa naye ukichambua mchele, mwambie akueleze swali hatua kwa hatua, na kila asemapo "halafu unafanya hivi", muulize kwa nini. Akishindwa kukujibu, lizungushie duara swali hilo, aje nalo kwa mwalimu wake shule zikifunguliwa.