Siku moja na mikoko ya Kaole, Bagamoyo

Saa 11 alfajiri niko macho. Leo bamvua, maji yatakupwa mpaka mbali, siku kama hii siiachi. Chai ya rangi, muhogo wa jana, ndoo, naondoka.

Saa 3 namkuta bibi anaokota tondo, konokono wa kwenye tope la mikoko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Tope la leo linazamisha, tembea juu ya mizizi."

Saa 4 maji yamekupwa kabisa. Mbele, panapopigwa na mawimbi, imesimama mililana, aina moja ya miti ya mikokoni. Nyuma yake mikoko yenyewe, mizizi imepinda kama miguu ya buibui, halafu mikandaa, aina nyingine. Kila mti umekaa pale unapoweza kuvumilia chumvi na muda wa kufunikwa na maji. Mchu, mti mwingine wa mikokoni, huitoa chumvi kupitia majani: nalamba moja, ni chumvi tupu.

Nachuchumaa kando ya tundu. Kaa mdogo anaburuta jani la njano kubwa kuliko yeye. Linakwama mlangoni. Analiachia, analizunguka, analishika upande wa kikonyo, linazama taratibu mpaka ncha inapotea. Jani lile ni chakula chake, na mabaki yake yatarutubisha tope. Tundu nalo linapitisha hewa na maji kwenye tope ambalo chini limekosa pumzi. Hatua mbili mbele, tondo wamelirundikia jani jingine, wanalikwangua. Ningeweza kukaa hapo mpaka jua lizame.

Saa 7 swala na chakula.

Saa 8 niko kitaluni. Hapa nina donda moyoni. Mradi mmoja ulitutaka tupande miche mingi haraka, nasi tukapanda mikoko yenyewe tu, mistari iliyonyooka, kwenye eneo la mililana. Mawimbi yaliing'oa karibu yote. Tulihesabu miche, hatukuangalia nani anaishi pale. Bibi ndiye aliyenifundisha: kabla ya kuchomeka mche ardhini, tafuta kwanza matundu ya kaa, tafuta tondo, tazama mti gani umejiotea wenyewe. Sasa sipandi bila kufanya hivyo.

Saa 10 jioni maji yamejaa, mizizi yote imezama. Kamba wachanga wanaingia humo kujificha na kula, wakikua ndipo watoke kwenda baharini. Mvuvi mmoja anapita na ngalawa, anapaza sauti:

"Dada, ile miche ya mwezi uliopita imeshika?"

"Minne imetoa majani mapya, kaka. Na kaa wameshachimba katikati yake!"