Nimerudi Tanga na naulizia picha

Tangu nirudi kutoka Ujerumani kila ninayekutana naye ananiuliza swali hilohilo, haya umeionaje nyumbani, nini kimebadilika, na najua wanategemea niseme habari za barabara au lile bomba la mafuta la kutoka Hoima linalokuja kuishia hapo Chongoleani, kilomita 1,443 si mchezo. Ni kweli, mji umechangamka. Ila mi ni mwalimu wa fizikia na mpiga picha, macho yangu yanaenda kwingine kabisa. Nimeshaingia nyumba nyingi za ndugu na majirani, Makorora, Chumbageni, Ngamiani huku kwenye barabara za namba, nimepewa chai na mahamri kila nilipokwenda, na hakuna hata nyumba moja nilipoletewa albamu.

Wa rika langu mnajua naongelea nini. Zamani ukienda kwa watu unakaribishwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, wakati chai inachemka mtoto anatumwa chumbani akalete albamu, anakuja nayo kaikumbatia, unawekewa mapajani, halafu mama mwenye nyumba anakaa pembeni yako anakusomea, huyu ndo shangazi wa Muheza, hapa ilikuwa harusi ya mjomba, huyu marehemu, huyu yupo Pangani siku hizi. Mpaka chai inafika ushaijua familia nzima, na watoto waliokaa chini hapo nao wanasikiliza, wanajifunza ukoo wao bila mtu kuwafundisha. Siku hizi nikiuliza naambiwa picha zipo kwenye simu. Simu ipi? Ile ya zamani, iliharibika.

Jamani msinielewe vibaya, mi teknolojia naipenda sana na katika mambo mengi nyumbani tumewapita hao tunaowaita wameendelea. Miaka yangu mingi ya Ujerumani nimeishi Kiel, si mbali na Eckernförde, kamji ka baharini ambako ni ndugu na Tanga yetu tangu 1963, na huko nimekuta maduka ya mikate yanayotaka keshi tu, barua za karatasi kila wiki kwenye sanduku, mikataba mingine ukitaka kuivunja mpaka uandike barua uisaini. Huku M-Pesa imeingia 2008 na leo hii mama muuza mihogo ana lipa namba imebandikwa kwenye meza yake, bodaboda unamtumia hela kabla hujashuka. Mama yangu mzazi umeme ukiisha saa tatu usiku hamsumbui mtu, anavaa miwani yake, anabonyeza simu ananunua umeme, meseji ya luku inaingia, halafu anamwita mjukuu amsomee zile tarakimu 20, nne nne, na yeye anazibonyeza mwenyewe kwenye kidude cha luku ukutani, polepole, kila nne wanazomaliza anasema "haya". Taa inawaka. Nimesimama mlangoni naangalia nikafurahi kupita maelezo, maana namkumbuka mama huyuhuyu miaka ile alikuwa hata kupokea simu anaita mtu.

Kwa hiyo shida yangu haiko kwenye simu, shida ni picha zinavyopotea humo ndani ya simu na hakuna anayeshtuka.

Nikupe mfano wa kwetu. Baba alifariki mi nikiwa mbali. Miaka yake ya mwisho alipigwa picha nyingi sana kuliko miaka yake yote ya nyuma, kila sikukuu, kila mjukuu akija, na zote zilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu, ile simu ikaibiwa. Tulizobaki nazo ni zile alizotumatuma wasap, zimefifia, ukizikuza uso unakuwa vimraba. Lakini ile aliyopiga akiwa kijana studio, kavaa bugaluu na shati la kola ndefu, kasimama mbele ya pazia lililochorwa minazi na ndege, ipo. Ngumu, imekuwa ya njano kidogo, kona moja imeliwa na mende, nyuma ina muhuri wa studio na mwandiko wake kwa wino wa bluu, jina na mwezi. Ukiishika karibu na dirisha unaona mpaka kifungo kimoja cha shati si sawa na vingine. Hiyo picha imehama nyumba, imenyeshewa mvua, na bado ipo.

Enzi za filamu ulikuwa na picha 36 tu kwa mkanda, kila moja ilikuwa na gharama, ndo maana watu walikuwa wanavaa vizuri, wanakaa pozi, na ukishasafisha lazima ukachukue picha zako, zinakuja mkononi. Sasa hivi mtu anapiga 36 kabla keki haijakatwa, anachagua mbili anaweka status, baada ya masaa 24 status imeondoka na yeye keshasahau. Mia zilizobaki zinakaa mpaka simu ijae, akitaka nafasi ya kushusha video anafuta.

Halafu kuna hili la wasap ambalo naona wengi hawalijui na linaniuma. Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha ya pikseli 12 milioni, yaani kama 4000 kwa 3000. Ukiituma wasap kawaida inabanwa mpaka upande mrefu unabaki kama pikseli 1600. Sasa ukienda kuprinti kwa ubora wa studio, nukta 300 kila inchi, hiyo 1600 inakupa picha ya kama sentimita 13 na nusu basi, zaidi ya hapo inaanza kufifia. Watu wanakuja kwangu na picha ya marehemu wanataka ya kuweka fremu kubwa ukutani na walichonacho ni picha iliyotumwa toka grupu hadi grupu, imebanwa na kubanwa tena. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD pale unapotuma, kibonyeze, au bora zaidi itume kama dokumenti, hapo inafika kama ilivyopigwa. Bando litaliwa zaidi kidogo, sawa, lakini ni uso wa mama yako huo.

Kuna jambo moja la Ujerumani ningependa tulichukue, kuheshimu sura ya mtu. Shuleni kule huwezi kupiga picha darasa hivihivi, mzazi anasaini fomu, asiposaini mtoto wake anasogea pembeni na hakuna anayemnunia. Sheria yao ya mtu kuwa na haki na picha yake ni ya zamani sana, ya 1907, na sababu yake ilikuwa wapiga picha wawili walioingia kinyemela usiku chumba alicholazwa maiti ya Bismarck, kansela wao wa zamani, mwaka 1898 wakampiga picha pale kitandani. Nikisoma hiyo nawaza ajali zetu za barabarani. Basi limepinduka, watu wanatoa simu kabla ya kutoa mkono, na picha ya marehemu inafika kwa mkewe kwenye grupu kabla ya taarifa. Na sisi sheria tunayo, ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ila nyumbani na shuleni sijasikia ikiongelewa. Walimu wenzangu hili tuliseme darasani.

Na darasani ndo nimepata raha ya kweli ya kurudi. Nimeomba kusaidia vipindi vya fizikia sekondari moja hapa mjini, tukafika mada ya mwanga, nikawaambia kila kundi lilete kopo la maziwa ya unga. Tukatoboa kitundu kwa sindano kwenye kitako, upande wa wazi tukafunga karatasi iliyopakwa mafuta ya kula, tukatoka nje mchana jua linawaka, mmoja anajifunika kanga kichwani na kopo analielekeza kwenye mlingoti wa bendera. Kimya. Halafu ukelele, "madam, bendera iko chini juu!" Wakagombania kanga. Wanafunzi hawa simu shuleni haziruhusiwi lakini nyumbani wanashika za wazazi, wameshapiga maelfu ya picha, na hakuna aliyewahi kuuona mwanga wenyewe ukiingia ukachora mti na bendera na rangi zake zote, kwa sababu tu unasafiri kwa mstari ulionyooka na wa juu ukipita kwenye kitundu lazima utue chini. Binti mmoja wa kidato cha kwanza akatoa kichwa kwenye kanga akaniuliza, "Sasa madam hii inasevu wapi?"

Nikamwambia haisevu, ndo maana watu walihangaika miaka mingi kutafuta dawa ya kuikamata kwenye karatasi. Akaniambia nyumbani kwao ana picha ya bibi yake iliyokatika katikati, naweza kuitengeneza? Wiki iliyofuata akaileta kwenye daftari, imefungwa na nailoni. Nimeiskani, nimeziba mkato, nimeprinti mbili, moja ya kwake moja ya mama yake, na kwenye ile ya zamani sijagusa kitu, nimeirudisha na nailoni yake. Wenzake wakaona, sasa daftari zinakuja na picha kila siku.

Kwa hiyo Jumamosi naanza rasmi, nitakaa barazani nyumbani Makorora na skana na printa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwenye picha za zamani za studio alete, naskani narudisha hapohapo, sibaki na ya mtu. Mwenye za kwenye simu aje na simu yenyewe iliyopiga, siyo zilizopita wasap, na kama skrini imekufa usiipeleke kuuza kwanza, njoo tuangalie, mara nyingi memori kadi bado nzima. Na ukija njoo na mzee mmoja wa kwenu, nyuma ya kila picha tutaandika nani ni nani, kwa penseli maana wino unapita upande wa pili.