Nimebadilisha difu, sasa pikapu inapanda Mwanga na mzigo

Jamani hii Hilux ilikuwa inaninyima raha, nikipakia dagaa Kibirizi, Kigoma, nikianza kile kilima cha kwenda Mwanga lazima nirudi gia namba moja, injini inalia tu gari haiendi. Fundi akafungua difu (gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye tairi) tukahesabu meno, krauni, ile gia kubwa, 41, pinioni, ile ndogo inayoizungusha, 10, yani propela, ule mtaimbo unaotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 4.1 ndo tairi izunguke mara moja. Tukafunga ya 41 kwa 9, inakuja 4.56. Jino moja tu la pinioni limepungua lakini nguvu kwenye tairi imepanda kama asilimia 11, kuondoka sasa inachomoka kweli.

Kazi ipo kwenye kufunga aisee. Fundi alipaka rangi kwenye meno, akazungusha kwa mkono, akaangalia yanagusana wapi, akafungua tena akaongeza shimu (vibati vyembamba vya kusogeza gia), hivyo hivyo mara tatu, maana ukikosea hapo difu inavuma mpaka inajila yenyewe. Nilimheshimu sana.

Ila barabara ya Kasulu mafuta yanaenda zaidi, mwendo uleule injini ilikuwa inazunguka mara 2,700 kwa dakika sasa 3,000. Spidomita nayo ikisoma 100 ujue ni 90 hivi. Na kama yako ni fo wili, difu ya mbele lazima ilingane na ya nyuma, usijaribu kubadili moja.