Kofia Isiyopitisha Upepo

Kwetu Pangani kofia nzuri ni ile inayopitisha upepo. Bibi mzaa mama, aliyetokea Unguja, alikuwa akishona kofia za viua, na kazi yote ya kofia zile ni matundu: kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano, safu baada ya safu, mpaka kichwa kinapata hewa hata kwenye joto la Februari. Mama yeye alikuwa mtu wa vitambaa vya makochi. Kwake ndiko nilikojifunza kufuma, na vitambaa vile navyo, ukivitazama vizuri, ni matundu yaliyopangwa kwa ustadi. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha Njombe, Juni 2014, nilifika na mikono iliyozoea kufuma, ila haijawahi kufuma kitu cha kuzuia baridi.

Na baridi ya Njombe haina utani. Mji unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni mpaka Agosti ukungu unatanda kwenye miwati na mashamba ya chai, na ukipanda kuelekea Makete kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya nyasi. Nilikuwa nalala na khanga mbili kichwani. Asubuhi moja mama mwenye nyumba, mzee wa Kibena ambaye sote pale uani tulimwita Bibi, alinikuta bombani nimejifunga hivyo hivyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akacheka.

"Mwalimu, hiyo khanga ni ya jua. Huku tunavaa mzula."

Mizula, yaani kofia za kufumwa za baridi, ilikuwapo tele sokoni. Ile mipya ilikuwa ya nyuzi za plastiki, myembamba, saizi moja kwa vichwa vyote. Mimi nina nywele nyingi. Kila niliojaribu ulipanda juu taratibu na kuacha masikio nje, na masikio ndiyo yaliyonipeleka sokoni. Nikahamia upande wa mitumba kutafuta sweta la kufumua.

Sweta la kufumua halichaguliwi kwa sura. Unaligeuza ndani nje, unatazama mishono ya ubavuni. Likiwa limepigwa ovaloki, achana nalo, maana kitambaa kilikatwa kwa mkasi na utapata vipande vifupi vya uzi, vyote vya kuungaunga. Unalitaka lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, halafu vikaunganishwa kwa uzi unaotoka. Nilipata moja la kijivu, kubwa, la kiume. Muuzaji aliniruhusu kuchomoa uzi kidogo kwenye pindo, nikauwasha kwa kiberiti chake. Ulinuka nywele zilizoungua, ukazima wenyewe, ukaacha jivu la kusagika kwa vidole. Hiyo ni sufu. Wa plastiki ungeyeyuka na kuacha tone gumu. Kijana alinitazama kama mganga, lakini bei hakupunguza.

Nilifumua kipande cha mbele tu. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu, na ukiufuma hivyo kofia inakuwa na vinundu. Niliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga mafundo machache usivurugike, nikauloweka kwenye maji vuguvugu, kisha nikautundika na chupa ya maji ikining'inia chini ili uzito uunyooshe. Kwa ukungu ule ulichukua muda kukauka.

Sindano niliyokuja nayo kutoka nyumbani ilikuwa ya spoku ya baiskeli, iliyochongwa ndoana kwa tupa. Kwa uzi wa pamba wa vitambaa inafaa sana. Kwa sufu ile nene ilikuwa inapasua uzi badala ya kuukamata. Mjukuu wa Bibi akanichongea nyingine kutoka kwenye ubavu wa mwanzi mkavu, ule ule wanaougema ulanzi, pombe ya mwanzi, wakati wa mvua, unene wa penseli. Tukaipiga msasa na kuipaka mafuta ya kupikia mpaka ikateleza.

Kilichobaki kilikuwa hesabu. Kichwa changu kina sentimita 55 kuzunguka. Gawanya kwa 3.14, duara la juu linatakiwa liishie upana wa kama sentimita 17.5. Nilianza na nguzo 6 fupi, yaani mishono ya kusimama ya sindano ya ndoana, ndani ya kitanzi, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, nikiongeza 6 kila mzunguko ili duara lilale bapa. Lilipofika upana wake nikaacha kuongeza, na ukuta ukaanza kushuka wenyewe. Hapo mikono ilitaka kurudi kwa mama: kuruka kitanzi, kusimamisha nguzo ndefu, kufungua ua. Niliizuia. Nguzo ndefu zinaacha mianya, na joto la kofia linatokana na hewa iliyotulia ndani ya sufu. Upepo ukipata njia, hewa hiyo inaondoka nayo. Nguzo fupi tupu, zimebanana, hakuna pambo lolote. Mama angeiona angeuliza kama nimeishiwa uzi wa kurembea.

Pindo nililifuma peke yake, mkanda mrefu wa kwenda na kurudi, nikichoma sindano upande wa nyuma tu wa kila kitanzi. Hivyo linatoka na mifereji na linavutika. Nikaliunga chini ya kofia, refu kiasi cha kukunjwa mara mbili juu ya masikio.

Jumapili jioni nilitoka na mzula huo uani. Bibi alikuwa jikoni anamenya viazi. Alininyooshea mkono bila kusema kitu, nikampa. Aliuvuta kulia na kushoto, akaingiza vidole kutafuta tundu, hakupata. Akavua kitambaa chake, akauvaa, akashusha pindo mpaka kwenye nyusi.

"Huu umepata mwenyewe," alisema, akaendelea na viazi. "Wewe si umebakiwa na sweta lenye mgongo na mikono miwili?"

Wangu nikaufuma kwa mgongo wa sweta, na pindo nikaliongeza vidole viwili.