Vidonge vya vitamini E vya mama

Jumamosi iliyopita nilimkuta mama, nyumbani kwetu Jinja, akiwa amepanga mezani vidonge vya vitamini E alivyouziwa kwa bei kubwa, baada ya kuambiwa kwamba vinasafisha mishipa ya moyo. Niliketi naye tukazungumza kwa kirefu, kwa maana madai hayo yana chanzo chake. Mwaka 1987 watafiti waliwapa dawa ya probukoli sungura wa Watanabe, ambao huzaliwa na kolesteroli nyingi mno kwenye damu, na mafuta yakajengeka polepole zaidi katika kuta za ateri zao. Dawa hiyo huizuia kolesteroli isiharibiwe na oksijeni, kwani ikishaharibika humezwa na chembe za kinga, nazo huvimba na kubaki ukutani. Vitamini E nayo huzuia uharibifu huo wa oksijeni, na panya walinufaika nayo katika baadhi ya majaribio. Kwa binadamu, hata hivyo, utafiti wa HOPE uliotolewa mwaka 2000, uliohusisha watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari kubwa, haukuona vitamini E ikipunguza mishtuko ya moyo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama alinunua vidonge hivyo kwa fedha za dawa zake za presha. Leo asubuhi tumekwenda kliniki pamoja kuzichukua dawa hizo.